Ndugu yangu yuko Ohio kagonga gari, bima yake imeandikwa 25/50/25. Nifahamisheni

Mwalimu wa Wete, 11 Machi, saa 2:40 usiku

Asalaam alaykum. Nasomesha hesabu skuli ya msingi hapa Wete, na hesabu hii ya watu wa bima nimeikalia siku mbili sijaifahamu. Aliyewahi kuishi Marekani tafadhali anisaidie.

Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, huu mwaka wake wa saba. Januari, theluji imeganda barabarani, alikuwa akiwarudisha wanawe wawili kutoka skuli. Kwenye taa akakata kushoto. Kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hivyo ukikata kushoto unapita mbele ya wanaokuja. Gari iliyokuwa inakuja haikuwahi kusimama. Ndani mlikuwa na bibi mtu mzima, binti yake na mjukuu. Bibi kavunjika nyonga, kafanyiwa operesheni. Binti kaumia mkono na shingo. Mtoto kachanika kidogo kwenye paji la uso. Wetu wote wazima, alhamdulillah, ila yeye alivilia damu kifuani kwa mkanda. Polisi wameandika kosa ni lake.

Nilimuuliza siku ile ile, una bima? Akanambia, "Ninayo bima kamili dada, usitie wasiwasi." Nikalala.

Juzi kanitumia picha mbili. Ya kwanza barua ya wakili wa yule bibi, ya tarehe 2 Machi: gharama za spitali mpaka sasa dola 64,000, na wanataka walipwe dola 25,000 ndani ya siku 30. Barua hii ilikaa kwenye droo ya jikoni siku sita kwa sababu mkewe alidhani ni matangazo. Picha ya pili ni ukurasa wa mbele wa mkataba wake wa bima. Kuumiza watu: 25,000 kila mtu, 50,000 kila ajali. Mali: 25,000.

Masuala yangu. Ikiwa ajali ina 50,000, kwa nini bibi asilipwe 50,000 yote? Na mtu mwenye deni la 64,000 anayetaka 25,000 tu, huu si mtego? La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: ami yetu keshaanza kusema tuuze sehemu ya mikarafuu ya marehemu baba kule Mtambwe tupeleke pesa kabla hawajamfunga. Sisi ni warithi watano. Hao watu wanaweza kufika mpaka Mtambwe?

Kijana wa Fuoni, saa 2:58 usiku

Mwalimu usihangaike. Kama ana bima kamili, kampuni inalipa kila kitu mpaka senti ya mwisho. Ndiyo maana ya kamili. Hiyo barua aichane tu.

Mstaafu wa Mbweni, saa 4:15 usiku

Mwalimu, waalaykum salaam. Barua isichanwe. Nakuomba kabla hujamaliza kusoma haya mpigie mdogo wako umwambie aitie kwenye bahasha safi, na picha yake aitume kwa kampuni yake ya bima leo hii. Kwao sasa ni mchana, ofisi ziko wazi. Kisha rudi tuzungumze.

Mimi nilikaa Columbus miaka 14, na 11 katika hiyo nilikuwa kwenye ofisi ya madai ya kampuni moja ya bima, meza ya majeruhi. Nilikuwa upande wa wanaolipa, kwa hivyo haya nimeyashika kwa mikono.

Tuanze na hilo neno "kamili", maana limewaponza wengi katika jamaa zetu kule. Mtu akisema ana bima kamili maana yake ni kuwa na gari yake mwenyewe itatengenezwa, si ya mwenziwe tu. Ni kama hapa tunavyosema bima kubwa na bima ndogo. Haina habari yoyote na kiasi watakacholipwa aliowaumiza. Kiasi hicho kinakaa kwenye zile tarakimu tatu, na mtu anaweza kuwa na bima kubwa huku tarakimu zake ni za chini kabisa zinazoruhusiwa. Mdogo wako ndivyo alivyo. 25/50/25 ndicho kima cha chini cha sheria ya Ohio tangu Disemba 2013. Mimi nilipoanza kazi kilikuwa 12,500 kwa mtu na 25,000 kwa ajali, ukipelekwa spitali na gari la wagonjwa na kulala siku mbili zimekwisha.

Sasa wewe ni mtu wa hesabu, ichukue hivi. Tarakimu ya kwanza ni dari la kila kichwa. Ya pili ni dari la nyumba nzima. Malipo lazima yapite chini ya yote mawili. Sema madai ya bibi ni 64,000, ya binti 9,000, ya mtoto 2,500. Bibi anagonga dari lake, anapata 25,000. Binti anapata 9,000 zake, mtoto 2,500 zake. Jumla 36,500. Kwenye ile 50,000 zimebaki 13,500, na hata senti moja katika hizo haiwezi kwenda kwa bibi, kwa sababu dari lake la kichwa limeshafika. Hapo ndipo watu wanapokwama. Wanaiona 50 wanadhani ni mfuko mmoja wa kugawana.

Dari la pili linafanya kazi pale majeruhi wakiwa wengi. Wangekuwa wanne, kila mmoja 20,000, hakuna aliyevuka 25,000, lakini jumla ni 80,000 na kampuni inasimama kwenye 50,000. Tarakimu ya tatu ni ya vitu: gari yao, nguzo, ukuta. Ina mfuko wake, haichanganywi na miili.

Na hizi zote ni za watu wengine. Kile kifua cha mdogo wako hakimo humo. Kinatibiwa na bima yake ya afya, au kama alinunua kipengele cha matibabu kwenye mkataba wa gari. Wanawe pia, lau wangeumia, mikataba mingi huwatoa watu wa nyumba moja na mwenye bima. Wakati wa kununua hayo huwa hatuulizi.

Ama hiyo 25,000 kuwa mtego, hapana dada yangu. Mimi nimezisoma barua kama hiyo kwa mamia. Wakili wa bibi keshajua ukomo wa mkataba ni 25,000 kwa mtu, na keshaona aliyegonga ni mtu wa mshahara, hana majumba. Anasema: nipeni dari lote, tumalizane. Wakilipa, bibi anasaini hati ya kuachilia madai, na zile 39,000 zilizobaki hazimfuati tena mdogo wako. Hiyo barua iliyokaa kwenye droo ndiyo mlango wake wa kutokea, na mlango unafungwa tarehe 1 Aprili.

Sasa sikiliza jambo ambalo kampuni haitamwambia kwa ufasaha. Kampuni ikipewa nafasi ya kumaliza dai ndani ya ukomo, na dai ni la wazi, ikakataa bila ya sababu ya maana, halafu mahakama ikahukumu zaidi, kampuni inaweza kubebeshwa ile ziada. Kwa hivyo mdogo wako aandike, kwa maandishi si kwa simu: nimepokea barua ya tarehe 2 Machi, naomba mulipe ndani ya ukomo wa mkataba wangu kabla ya tarehe 1 Aprili. Abaki na nakala. Ile karatasi moja kwenye faili inabadilisha mwendo wa ofisi nzima. Mimi nilikuwa nikiiona barua ya namna hiyo kutoka kwa mteja, naipeleka kwa mkubwa wangu siku ile ile.

Mambo mengine kwa haraka. Kampuni ina wajibu wa kumpa wakili akishitakiwa, na kwa mikataba ya kawaida ya gari gharama ya wakili haikatwi kwenye ile 25,000. Kwa zile pesa za ziada amtafute wakili wake mwenyewe wa kumtizamia, hata kwa mazungumzo ya saa moja. Hati ya kuachilia madai iangaliwe ina jina lake, na la mkewe kama gari imeandikishwa kwa majina mawili, na iseme nani anawalipa waliotibu. Huyo bibi kama kafika miaka 65 huenda anatibiwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, nayo hudai irudishiwe. Na ile 64,000 isikutishe sana: bei inayoandikwa na spitali na pesa iliyolipwa kweli mara nyingi ziko mbali mbali.

Mikarafuu. Hukumu, ikitoka, inamwangukia aliyeendesha, na mara nyingine mwenye gari. Wewe hukuendesha wala hukusaini, na warithi wenzio pia. Kitu kinachoguswa kule kwa kawaida ni mshahara: mahakama inaweza kumuamuru mwajiri akate, mpaka robo ya kinachobaki baada ya kodi. Jela hamna kwa deni la namna hii. Mwambie ami, kwa heshima zote, asubiri. Na mdogo wako asije akaanza kuandikisha vitu vyake kwa majina ya watu sasa hivi, hilo mahakama inaweza kulifumua na litamharibia sura.

Nikumalizie na faili moja. Mwaka 2009 nilikuwa na kijana, mpishi, alimgonga mwendesha baiskeli. Barua za mahakama zilikuja kwake tatu, akaziweka juu ya friji. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni. Hakutuletea hata moja. Siku ya kesi hakwenda, hukumu ikatolewa ya upande mmoja, na sisi tukapata habari kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Kampuni ikaanza kubishana kama ina wajibu hata wa kulipa ule ukomo, kwa sababu mkataba unamtaka mteja alete kila karatasi. Nilimpigia mimi. Akanambia, "Nilidhani mukishakuwa na namba ya ajali munajua wenyewe." Sauti yake ninayo mpaka leo.

Mwalimu wa Wete, saa 5:05 usiku

Nimempigia. Keshaituma, nimemwambia anitumie picha ya ujumbe wenyewe nimeuona. Allah akulipe kheri.

Mawili yamebaki. Yeye anataka kwenda kumtizama yule bibi. Kwetu mtu ukimuumiza unakwenda, unakaa chini, unasema pole, na familia inakuona una utu. Mkewe anamkataza. Na je, akiongeza tarakimu sasa, akachukua za juu, zitamsaidia?

Mstaafu wa Mbweni, saa 5:31 usiku

Za juu hazirudi nyuma. Ajali ya Januari inalipwa na mkataba wa Januari. Lakini aongeze kwa ajili ya mbele, na aulize bei ya 100/300. Wengi hushangaa: tarakimu ya kwanza ikipanda mara nne na ya pili mara sita, ada unayoilipa haipandi hivyo, kwa sababu ajali nyingi ni ndogo na zinaishia kwenye dola za mwanzo. Akiuliza hilo aulize pia bima ya kujikinga na wasio na bima au wenye bima ndogo. Siku nyingine atakayegongwa ni yeye, na aliyemgonga atakuwa na 25/50 kama yake.

Swali moja na mimi: siku ile alikuwa kwenye kazi ya kupeleka chakula au abiria, ile ya kuitwa kwa programu ya simu? Mikataba ya kawaida huitoa kazi ya namna hiyo.

Kuhusu kwenda kwa bibi. Hili lilinipa tabu mimi mwenyewe miaka yote niliyokuwa kule. Nilikuwa nawaambia watu wetu wasiende, na nikirudi nyumbani nalikumbuka. Mkataba wenyewe unamkataza kukubali deni au kuahidi kulipa bila ya idhini ya kampuni, na neno lolote atakalosema kitandani kwa bibi linaweza kurudi mahakamani. Bibi ana wakili, basi salamu zipite kwa mawakili. Pole inapita. Nimewahi kuona kadi imepitishwa hivyo, imeandikwa mistari miwili, haina habari ya kosa wala pesa, na aliyeumia akaihifadhi. Hati ikishasainiwa, mlango ni wake.

Mwalimu wa Wete, saa 5:40 usiku

Hapana, ilikuwa ni skuli tu, mabegi ya watoto yalikuwa ndani ya gari. Kazi yake ghala.

Bi Leicester, 12 Machi, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka kwa swala nikaukuta mjadala huu. Niko Uingereza mwaka wa 20 na nimeshtuka. Huku sheria haiweki dari kwa mwili wa mtu. Bima ya lazima ya gari inalipa kuumia kwa mtu bila ya kikomo, kikomo ni cha mali tu, na hicho si chini ya pauni milioni 1.2. Mimi nilikuwa nadhani ni dunia nzima. Kakangu yuko California, nimemuuliza sasa hivi: kwao kima cha chini kilikuwa 15/30/5 miaka na miaka, kimepanda kuwa 30/60/15 tangu Januari 2025. Dola 5,000 kwa gari ya mtu! Mwalimu, wallahi mwambie aongeze.

Dereva wa Bububu, saa 1:45 asubuhi

Mimi naendesha gari ya abiria njia ya Bububu mwaka wa 16. Nimesoma yote nikenda kwenye gari nikaitizama stika kwenye kioo. Inasema bima ipo na mwisho wake tarehe ngapi. Haisemi kiasi. Ule mkataba wenyewe anao tajiri wangu, sijawahi kuuona.

Mwaka juzi nilimgusa kijana wa vespa pale Mtoni. Tulikwenda kwao jioni, mimi, tajiri na mzee wa mtaa, tukakaa barazani, wakatupa maji, tukakubaliana laki tatu za matibabu, tukapeana mikono. Baada ya miezi miwili mguu ukafanya usaha, ikawa operesheni, na ule mkono tuliopeana haukuwa na karatasi. Bima tulikwenda kuwaambia wakati huo, wakatuuliza mbona hamkuripoti. Tulilipa wenyewe, tajiri nusu mimi nusu. Nililipa kwa miezi tisa. Yule kijana anachechemea mpaka leo, kila nikipita Mtoni namuona dukani kwao, na mimi nampigia honi anainua mkono.

Sheikh Mstaafu, kwetu nasi tuna hizo tarakimu?

Mstaafu wa Mbweni, saa 3:10 asubuhi

Dereva, pole sana, wewe na yeye. Ukomo unaandikwa kwenye mkataba, haukai kwenye stika. Nenda kwa tajiri umwambie unataka kuuona ukurasa wenye viwango, usome wa watu wa nje na wa abiria, maana wewe unapakia watu. Ni haki yako, ndiye unayeshika usukani. Stika unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima Tanzania, kwa namba ya gari ujue ni ya kweli, lakini hilo ni la kujua ipo, si la kujua kiasi. Na kupatana barazani hakukatazwi, ila ripoti kwanza, polisi na bima, siku ile ile, hata kama aliyeumia anakwambia "si kitu".

Kijana wa Fuoni, saa 3:25 asubuhi

Nilikosea, samahani mwalimu. Na mimi nimekwenda kuutafuta mkataba wa gari ya baba, uko ndani ya msahafu wa zamani kabatini.

Mwalimu wa Wete, 29 Machi, saa 11:50 jioni

Asalaam alaykum, nimerudi kukupeni habari.

Kampuni ilimjibu baada ya siku mbili kuwa wamepokea. Ile barua ya kuomba walipe ndani ya ukomo niliiandika mimi kwa Kiswahili, mwanawe mkubwa wa miaka 13 akaifasiri, wakaituma. Jana wamemwambia kuwa wamekubali dari la bibi, 25,000, na binti na mtoto wanazungumzwa. Hati ya kuachilia madai imekuja. Tuliisoma kwa simu neno kwa neno. Jina la mkewe halikuwemo na gari ni ya majina mawili, tukawarudishia, wakalitia.

Kadi imekwenda kupitia kwa wakili. Kaandika pole na kuwa wanawe wanamuombea bibi kila usiku.

Kabadilisha mkataba wa mbele kuwa 100/300. Ami nimemfikia mwenyewe nyumbani kwake baada ya la'asiri, nikamsomea maneno yako yote kwa sauti, Mstaafu. Akauliza mara mbili, "Jela hamna?" Nikamwambia hamna. Kesho tunakwenda Mtambwe pamoja kupalilia.